Asilimia Kumi Haimo Kwenye Sheria

Wiki ya pili ya muhula, steshenari zilizo jirani na geti la chuo huwa na foleni. CR, yaani mwakilishi wa darasa, amekusanya hela, kitabu kimoja cha maktaba kimelazwa kifudifudi juu ya mashine, na zinatoka kopi 80 za kitabu kizima cha kurasa 320, kila moja imefungwa spairo na jalada la plastiki. Jumla kurasa 25,600. Mhadhiri alitaja sura ya tatu tu, yenye kurasa 28. Ukimuuliza yeyote kwenye foleni kama jambo hilo ni halali, jibu liko tayari mdomoni: kwa masomo inaruhusiwa, mradi usizidi asilimia kumi. Kwamba kitabu kizima ni asilimia mia, hilo halimkoseshi mtu usingizi.

Asilimia kumi ndiyo kanuni inayojulikana kuliko zote vyuoni, na haimo kwenye sheria. Haimo kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ya Tanzania Bara. Haimo kwenye Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, wala kwenye ile ya Uganda ya 2006. (Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na ofisi yake, COSOZA. Mwanafunzi wa SUZA, chuo kikuu cha Zanzibar, asibebe kifungu cha Bara akadhani kimevuka maji pamoja naye.)

Namba hiyo ni mgeni aliyesafiri mbali. Marekani, mwaka 1976, wachapishaji na vyama vya walimu waliafikiana mwongozo wa kutoa nakala za darasani: dondoo ya nathari isizidi maneno 1,000 au asilimia 10 ya kazi, kutegemea kipi ni kidogo. Hayo maneno ya mwisho yalidondoka njiani. Kwa kipimo hicho kitabu cha kurasa 320 kinakupa maneno 1,000, yaani kurasa mbili au tatu hivi, wala si kurasa 32. Australia wana asilimia 10 au sura moja ndani ya sheria yao. Uingereza, asilimia 10 au sura moja ni masharti ya leseni ambayo vyuo hulipia kila mwaka. Pale pasipo na leseni, sheria yenyewe inatoa asilimia 5 kwa miezi 12. Kwa hiyo mhadhiri wa Morogoro anayejitetea kwa asilimia kumi, mara nyingi anatumia bila kujua risiti ya mtu mwingine.

Sheria ya Tanzania inaanzia kwingine kabisa. Kazi iliyokwisha kuchapishwa kihalali unaweza kuitumia bila kumwomba mwenyewe na bila kumlipa katika mambo kadhaa, na matatu ndiyo yanayogusa chuo. La kwanza ni kutoa nakala kwa matumizi yako wewe, ya binafsi. La pili ni kunukuu, ilimradi nukuu isizidi kile ambacho kusudi lake linahitaji, na chanzo na jina la mwandishi vitajwe. La tatu ni kuitumia kama kielelezo cha kufundishia, kwa kiasi kinachohalalishwa na kusudi hilo na kwa namna ya uungwana, tena kwa kutaja chanzo na mwandishi.

Uzito wote uko kwenye maneno hayo, kiasi kinachohalalishwa na kusudi. Ukitaka kufundisha vina na mizani ya shairi la beti nne, kusudi linadai shairi zima, asilimia mia, maana huwezi kuonyesha kituo cha beti ya mwisho kwa kuwapa wanafunzi beti mbili za mwanzo. Ukitaka kufundisha jinsi mwandishi anavyoifungua riwaya, kurasa nne zinatosha, hata kama asilimia kumi ingekupa ishirini. Uganda wameandika vipimo vinne waziwazi ndani ya sheria yao: kusudi la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa kikilinganishwa na kazi nzima, na athari kwa soko la kazi hiyo. Hata kama uko Dodoma au Eldoret, vipimo hivyo vinafaa kujihoji navyo kabla hujabonyeza kitufe cha kijani cha mashine. Cha nne ndicho kinachowaangusha wengi. Jiulize kama nakala yako imeondoa sababu ya mtu kununua kitabu. Kurasa 28 haziondoi. Kurasa 320 zilizofungwa spairo zinaondoa kabisa.

Neno jingine la kulitazama kwa karibu ni "binafsi". Mwanafunzi aliyekaa maktaba akapiga picha za sura moja kwa simu, akazikusanya kwenye PDF, akaenda kusomea bwenini, hana kosa. PDF hiyohiyo akiirusha kwenye kundi la WhatsApp la watu 200, si ya binafsi tena. Faili halijabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni kwamba limepata wasomaji. Na kundi la WhatsApp lina tabia mbaya: halifungwi muhula ukiisha, halijui nani amesajiliwa kozi na nani alihamia chuo kingine, na kila aliyemo ana uwezo wa kulisukuma faili mbele. Chaneli za Telegram ni hivyo hivyo, tena zaidi, kwa sababu yeyote anaweza kuingia.

Turudi kwenye madesa, yale makabrasha ya kozi yanayotoka steshenari, kwa sababu hapo ndipo wahadhiri wenyewe hujikwaa, na mara nyingi kwa nia njema.

Kompendia ya kozi huzaliwa hivi. Mhadhiri anachukua sura moja kwenye kitabu hiki, mbili kwenye kile, makala tatu za majarida, anaacha nakala mama steshenari, na wanafunzi wanakwenda kuinunua. Kila kipande, ukikipima peke yake, ni kidogo. Sura ya kurasa 28 kati ya 320 ni asilimia 8.75. Lakini vipande vinane vya aina hiyo vikifungwa pamoja tayari umetengeneza kitabu kipya cha kiada, kisicho na mchapishaji wala mrabaha, na kinauzwa. Mwaka 1991 mahakama ya New York iliamua kesi ya namna hiyo dhidi ya Kinko's, kampuni ya kutoa kopi iliyokuwa ikitengeneza na kuwauzia wanafunzi wa vyuo vya jiji hilo vifurushi vya kozi. Dondoo zilizobishaniwa zilikuwa za kurasa 14 hadi 110. Kampuni ilitozwa fidia ya dola 510,000, mbali na gharama za mawakili. Kilichoiponza zaidi ni kwamba muuzaji alikuwa anapata faida, na kusudi la mwalimu la kufundisha halikumkinga.

Delhi ilikwenda upande mwingine. Mwaka 2012 Oxford University Press, Cambridge University Press na Taylor & Francis walikishtaki Chuo Kikuu cha Delhi pamoja na duka dogo la fotokopi lililokuwa ndani ya eneo la chuo, kwa kosa lilelile la vifurushi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Delhi iliamua, mara mbili, kwa jaji mmoja mwezi Septemba na kwa jopo mwezi Desemba, kwamba sheria ya India inamruhusu mwalimu au mwanafunzi kutoa nakala "katika kufundisha", na kwamba kufundisha hakuishii kwenye saa moja ya mhadhara. Kipimo kilichotumika kilikuwa kusudi la ufundishaji, bila idadi maalumu ya kurasa. Wachapishaji waliachana na kesi mwaka uliofuata.

Watu wa huku huipenda sana kesi ya Delhi, na naelewa sababu. Ila haifungi mahakama ya Dar es Salaam wala ya Nairobi, na maneno ya kifungu cha India hayafanani na ya kwetu. Sheria ya Tanzania inazungumzia kutumia kazi kama kielelezo cha kufundishia. Kielelezo hukaa pembeni ya somo. Kikishakuwa ndicho somo lenyewe, neno hilo linaanza kulemewa. Kenya wana kitu kilicho wazi zaidi: mkusanyiko uliotengenezwa kwa ajili ya chuo kikuu unaruhusiwa kubeba vifungu vifupi visivyozidi viwili kutoka kwenye kazi moja ya maandishi, pamoja na jina la kazi na la mwandishi. Vifungu viwili vifupi. Mhadhiri wa Kenya mwenye sura tatu za kitabu kimoja ndani ya kompendia ameshatoka nje ya ruhusa hiyo, hata kama jumla yake ni asilimia sita.

Kama kompendia haina budi kuwepo, iandae kama mtu atakayeulizwa siku moja. Fungua jedwali moja lenye safu tano: kazi na toleo, kurasa unazochukua, jumla ya kurasa za kitabu, mada ya wiki inayohitaji kipande hicho, na msingi wa matumizi (kielelezo cha kufundishia, ruhusa ya barua, leseni huria, kazi isiyolindwa). Kipande kisichokuwa na mada ya wiki kitoe. Mara nyingi hapo tu kompendia ya kurasa 240 inashuka hadi 150, kwa sababu vitu vingi huingizwa "wasije wakavihitaji". Kisha makala zote za majarida ziondoe uweke viungo, nitaeleza namna yake hapo chini. Kilichobaki, kila kipande kianze na mstari wa chanzo juu ya ukurasa wake wa kwanza, usisubiri ukurasa wa mwisho ambao steshenari huusahau. Bei iwe ya karatasi na wino. Idara isiweke cha juu, hata shilingi mia, kwa kuwa faida ndiyo inayogeuza kufundisha kuwa biashara. Muhula ukiisha ichukue nakala mama. Nakala mama iliyosahauliwa kwenye droo ya steshenari itauzwa miaka mitano mfululizo, kwa jina lako.

Na kabla ya yote hayo mpigie mkutubi simu. Chuo kinaweza kuwa na leseni ya kutoa nakala kutoka kwa chama cha pamoja cha waandishi na wachapishaji, mathalani KOPIKEN kwa Kenya au URRO kwa Uganda; kwa Tanzania mahali pa kuulizia ni COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki. Leseni ya namna hiyo huwa na muda wake na mipaka yake ya kurasa, kwa hiyo swali la kuuliza ni kama iko hai mwaka huu na inasema kiasi gani. Hapo ndipo asilimia kumi inaweza kuwa na maana ya kweli, maana sasa imeandikwa kwenye mkataba wa chuo chako. Mkutubi huyohuyo anaweza pia kukiweka kitabu kwenye meza ya vitabu vya kuazima kwa saa. Nakala tatu za kitabu kimoja, zikizunguka kwa saa mbili mbili, zinahudumia darasa kubwa kuliko watu wanavyodhani, na hakuna anayevunja chochote.

Sasa viungo. Maktaba nyingi za vyuo hulipia majarida kwa pamoja kupitia miungano yao, COTUL Tanzania, KLISC Kenya, CUUL Uganda, na nyingine huingia kupitia Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaaluma, ambao sehemu yake ya afya, Hinari, ilianza mwaka 2002. Makala ikishakuwa ndani ya mkataba huo, kila mwanafunzi aliyesajiliwa tayari ana haki ya kuisoma. Kumtumia PDF ni kumpa kwa mlango wa nyuma kitu ambacho ufunguo wake wa mlango wa mbele anao mfukoni. Kiungo kina faida nyingine ambayo wahadhiri huisahau: maktaba huhesabu usomaji. Jarida lisilofunguliwa hata mara moja, kwa kuwa watu wote 80 walisoma PDF moja iliyorushwa WhatsApp, ndilo la kwanza kukatwa bajeti ikipungua.

Kiungo kina namna ya kukosewa. Mhadhiri hufungua makala akiwa ofisini, anakopi anwani iliyo juu ya dirisha, anaibandika Moodle, jukwaa la masomo la chuo mtandaoni. Ofisini inafanya kazi. Usiku mwanafunzi akiwa Mbagala anakutana na ukurasa unaodai dola 40. Sababu huwa moja kati ya mbili. Anwani ile ilibeba alama za kikao chako, na kikao kimeisha. Au mchapishaji hutambua chuo kwa anwani ya mtandao wa chuo, na mwanafunzi yuko nje yake. Dawa ya kwanza ni kutumia DOI, ile namba inayoanza na 10 iliyo kwenye ukurasa wa kwanza wa makala; ukiitanguliza na https://doi.org/ unapata anwani isiyokufa. Dawa ya pili ni kumwomba mkutubi kiambishi cha proksi ya chuo (lango la mtandaoni linalomwezesha aliye nje kuingia kama aliye chuoni), unakiweka mbele ya anwani, na mwanafunzi ataombwa nywila yake ya maktaba kwanza. Jaribu kiungo kwa simu yenye bando lako, ukiwa umezima Wi-Fi ya chuo. Dakika mbili tu, lakini ndizo zinazoamua kama darasa litasoma au litaomba PDF.

Mikataba hii ina meno kuliko sheria. Inakataza kushusha jarida zima kwa programu ya kuvuna mafaili, na inakataza kumpa nywila mtu asiye wa chuo. Mtu mmoja akishusha mamia ya makala usiku mmoja, mfumo wa mchapishaji humwona na kuifunga anwani ya chuo kizima, na asubuhi wanaoulizwa ni wakutubi. Kupakia makala za mkataba kwenye roboti za akili mnemba ili zikufupishie nako kumekatazwa kwenye masharti ya wachapishaji wengi siku hizi. Soma masharti ya hifadhidata husika kwanza.

Makala isiyo kwenye mkataba ina njia tatu halali kabla mtu hajakimbilia tovuti za kiharamia. Tafuta kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria, na AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika. Weka Unpaywall, programu ndogo ya kutafuta nakala huria, kwenye kivinjari chako, kialama cha kufuli la kijani kikitokea ubavuni mwa ukurasa basi kuna nakala huria iliyowekwa kihalali mahali fulani. Ukikosa, mwandikie mwandishi mwenyewe. Waandishi wengi hujibu, tena kwa furaha, na mikataba mingi inawaruhusu kumtumia msomaji mmoja mmoja. Toleo wanaloruhusiwa kuliweka hadharani mara nyingi ni ule muswada uliokubaliwa baada ya tathmini, kabla ya mchapishaji kuupanga, na mara nyingine baada ya kusubiri miezi 12 au 24. Hili linamhusu pia mhadhiri na makala yake mwenyewe. Ukishasaini kuhamisha hakimiliki, PDF yenye nembo ya jarida si yako ya kugawa ovyo, hata kama jina lililo juu ni lako.

Kuna hazina ambayo haihitaji ombi wala leseni. Sheria zilizotungwa na hukumu za mahakama hazilindwi, Tanzania na Kenya vilevile. Mwanafunzi wa sheria anaweza kutoa kopi ya hukumu nzima kutoka TanzLII au Kenya Law, tovuti za sheria na hukumu, bila hofu. Muhtasari wa hukumu ulioandikwa na mhariri wa kitabu cha ripoti za kesi ni kazi ya mhariri huyo, kwa hiyo chukua hukumu yenyewe, uache muhtasari. Mawazo, mbinu na taratibu nazo hazina mwenyewe. Kinacholindwa ni namna zilivyoandikwa. Ukichora upya mzunguko wa maji kwa mkono wako, kwa mpangilio wako, hudaiwi kitu na kitabu ulichojifunzia.

Kisha zipo kazi zilizomaliza muda. Tanzania na Kenya kipindi ni uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, kwa hiyo alivyochapisha uhai wake vimekuwa huru tangu 2013. Euphrase Kezilahabi alifariki Januari 2020, na kazi zake zitalindwa hadi mwisho wa 2070. Wote wawili wamo kwenye mtaala mmoja wa fasihi, pengine kwenye wiki moja, na bado hali zao ni mbingu na ardhi. Mtego uko kwenye tafsiri na matoleo mapya. Shakespeare hana mlinzi popote duniani, lakini tafsiri za Mwalimu Nyerere ni kazi za Nyerere, aliyefariki Oktoba 1999, na zitalindwa hadi mwisho wa 2049. Toleo jipya la diwani ya zamani nalo linaweza kuwa na utangulizi na maelezo ya pembeni ya mhariri aliye hai. Nakili mashairi, maelezo yaache.

Leseni za Creative Commons, ambazo mwenye kazi huziweka mwenyewe ili kuwaruhusu wengine kuitumia kwa masharti, zimerahisisha mengi, ila husomwa harakaharaka. Ziko sita. BY inataka jina. SA inataka ukiibadilisha uitoe kwa leseni ileile. NC inazuia biashara. ND inazuia kusambaza iliyobadilishwa. Mhadhiri anayetafsiri kwa Kiswahili sura yenye ND kisha akaiweka Moodle amevunja leseni, hata kama amefanya kazi nzuri kuliko ya asili. Anayechanganya kipande cha BY-SA na cha BY-NC-SA kwenye maandishi mamoja yaliyofumwa pamoja amefunga ndoa isiyowezekana, kila kimoja kinadai watoto wafuate jina lake. Viache viwili vikae kando kando bila kufumwa. Na lile swali la steshenari, kama NC inakukataza kumlipa mtu akutolee kopi, limeshapita mahakamani: mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya Marekani, kesi ya Great Minds dhidi ya FedEx Office, ilisema shule inayoruhusiwa kutumia kitabu cha NC inaweza kulipia duka liichapie. Duka likianza kuzichapa lenyewe na kuzianika dirishani, hilo ni jambo jingine. Ukigundua umekosea kwenye leseni za toleo la 4.0, ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ugundue, ruhusa yako inarudi yenyewe.

Maelezo ya chini ya picha yabebe vitu vinne: jina la kazi, mwenye kazi, ilikotoka, na leseni yake. "Picha: Google" si chanzo, ni sawa na kuandika umekipata kitabu "kwenye kabati". Ramani ya OpenStreetMap inataka wachangiaji wake watajwe. Kwenye mihadhara ya Zoom ongeza swali moja: ulichoonyesha darasani kwa dakika mbili sasa kimo ndani ya rekodi inayozunguka. Simamisha rekodi unapofungua filamu, uwape wanafunzi kiungo.

Yote yakishindikana, omba. Barua nyingi za ruhusa hukwama kwa sababu zinaeleza umuhimu wa elimu na hazisemi kurasa ngapi. Mchapishaji anahitaji kitu cha aina hii:

"Naomba ruhusa ya kutumia sura ya 3, kurasa 41 hadi 68, ya toleo la pili la kitabu chenu (jina, mwandishi, mwaka na ISBN vimeambatishwa). Itawekwa kwenye Moodle ya chuo, nyuma ya nywila, kwa wanafunzi 80 waliosajiliwa kozi moja, kuanzia Oktoba hadi Februari, kisha itaondolewa. Wanafunzi hawatatozwa chochote. Tafadhali nijulisheni masharti, maneno mnayotaka yaandikwe juu ya nakala, na ada kama ipo."

Itume wiki sita hadi nane kabla ya muhula, kwa idara ya haki na ruhusa ya mchapishaji, maana mwandishi mara nyingi hana tena haki ya kukubali. Kumbusha baada ya wiki mbili. Ukimya wao hauhesabiki kuwa ndiyo. Jibu likija, lihifadhi kwenye jalada la kozi, wala usiliache kwenye simu ya mtu atakayehamia wizarani mwakani. Na likisema wanafunzi 80, muhula mmoja, mwaka ujao unaomba tena.

Kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu, kuna mkanganyiko mmoja unaogharimu zaidi kuliko mwingine wowote. Kuiba maandishi na kuvunja hakimiliki ni makosa mawili tofauti. Ukichukua beti za Shaaban Robert ukajifanya umetunga wewe, umeiba kitaaluma, ingawa miaka yake 50 imekwisha. Ukichukua mchoro mzima kutoka kwenye jarida ukataja mwandishi, mwaka na ukurasa bila dosari, hujaiba kitaaluma, lakini unaweza kuwa umevunja hakimiliki, kwa sababu kutaja chanzo hakugeuki kuwa ruhusa. Turnitin, programu ya kugundua maandishi yaliyonakiliwa, italiona kosa la kwanza. La pili haitaliona, wala msimamizi wako pengine hataliona, hadi tasnifu iingie kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo.

Hapo mambo hubadilika. Nakala tatu zenye jalada gumu ndani ya maktaba zilikuwa mtihani. Faili lililo wazi kwa dunia nzima ni uchapishaji. Kwa hiyo tangu sura ya pili anza orodha ya kila mchoro, ramani, jedwali na hojaji usiyoitengeneza mwenyewe. Hojaji za saikolojia na uuguzi zina wenyewe, baadhi huuzwa kwa idadi ya watakaojaza, na kuitafsiri kwa Kiswahili kunahitaji ruhusa yake peke yake. Kwa michoro ya majarida, ukurasa wa makala huwa na kitufe cha kuombea ruhusa. Ukichagua "tasnifu" kwenye aina ya matumizi, mara nyingi hutozwi, na cheti kinakuja kwa barua pepe palepale. Kibandike kwenye viambatisho. Usipopata ruhusa, una njia mbili: kuchora upya kutoka kwenye takwimu zenyewe, au kuomba hazina iweke toleo ambalo mchoro umeondolewa na mahali pake pana mstari wa marejeo.

Jambo la mwisho huulizwa kwa kunong'ona na halistahili kunong'onwa. Mwanafunzi asiyeona anahitaji kitabu kizima, kwa sauti, kwa Breli au kwa faili ambalo programu ya simu inaweza kulisoma. Mkataba wa Marrakesh umetengenezwa kwa ajili yake. Kenya ilijiunga 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Chini ya mkataba huo taasisi inayotambuliwa hutengeneza nakala nzima ya namna hiyo bila kumwomba mchapishaji, na huweza kuipokea kutoka nchi nyingine mwanachama. Kwa hiyo anza na kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, uwape orodha ya vitabu vya muhula mapema, kabla kozi haijafunguliwa. Kukagua faili lililopigwa skani ukurasa kwa ukurasa ili mashine isisome "m" kama "rn" huchukua wiki nzima kwa kitabu cha kurasa 320, na mwanafunzi huyo ana mtihani wiki moja na wenzake.